Televisheni ya Eda

Wapo wanaofungwa kwa sababu wameiba mbuzi, na wapo wanaofungwa kwa sababu mume amekufa. Mimi, Kabale, ni wa kundi la pili. Najua eda ni ibada, msinihubirie. Kila mwanamke aliyeingia na chupa ya chai alinihubiria kabla hajakaa. Sikuwa na ugomvi na Mungu. Ugomvi wangu ulikuwa na chumba.

Kilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya duka la mume wangu hapa Wabera, mjini Isiolo. Dirisha lake moja linatazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unagusa plasta. Nyuma ya ukuta huo kuna mashine ya kusaga mahindi, na ikiwashwa asubuhi vikombe vinatetemeka kabatini. Mjane hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajipaki manukato, hakai na mwanamume wa kando. Nilishinda humo nikimsikia mama mkwe wangu akipokea pole kwa niaba yangu, na nilikasirika kuanzia alfajiri hadi isha. Nilimpenda Dida, na sikuweza hata kwenda kuona mahali walipomlaza.

Dida alikuwa fundi wa redio. Lori lilimgonga na pikipiki yake kwenye barabara ya Moyale akienda kuchukua spea. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama yake, ambaye mtaa mzima unamwita Ayo, yaani mama; kitanda chake kilihamishiwa chumbani kwangu. Tulibaki pia na ile TV.

Ilikuwa ya sanduku la mbao, ya picha nyeusi na nyeupe, kongwe kuliko mimi, yenye miguu minne na taa za kioo ndani yake. Dida aliitoa kwenye stoo ya lojingi iliyokuwa ikibomolewa, akaileta kwa mkokoteni na kusema ataifufua mwenyewe, bila kumwuliza mtu. Alibadilisha taa, akabadilisha kapasita, akaiunganisha na king'amuzi kupitia deki ya kanda, kwa sababu siku hizi hewani hakuna tena mawimbi ambayo TV ya namna hiyo inaweza kuyashika. Ikawaka. Lakini ukipata picha, sauti inakuwa mvumo wa nyuki; ukipata sauti, picha inageuka uji. Alihangaika nayo hadi akachoka. Ilimshinda, na ukoo mzima ulijua, maana Dida hakuwa mtu wa kuficha alichoshindwa.

Ndiyo sababu shemeji yangu Halake aliichagua.

Halake ni kaka mkubwa wa Dida, mfugaji, anakaa Oldonyiro na mke wake na ng'ombe wake. Si mtu mbaya, nasema ukweli ingawa unaniuma. Alikuja na wazee baada ya khitma, wakakaa dukani, mimi nikiwa nyuma ya pazia. Akasema kwamba kwa mila yetu mjane wa ndugu haachwi ovyo. Eda ikiisha atanioa niwe mke wa pili, nibaki hapahapa Wabera na Ayo, naye awe akija akileta mifugo sokoni. Duka atalifanya stoo ya dawa za ng'ombe.

"Dini haimlazimishi mwanamke," akasema Mzee Ahmednasir, jirani yetu, ambaye wazee wenzake humsikiliza.

"Nani analazimisha?" Halake akajibu. "Asipotaka, arudi kwao. Lakini hii ploti ni ya baba yetu. Duka bila fundi ni chumba tu."

Kwetu ni kwa kaka yangu, kule Merti, ambako wake zake hunikaribisha kwa kuniuliza narudi lini. Nikasema kutoka nyuma ya pazia, "Fundi yuko."

"Nani?"

"Mimi."

Wakacheka, si kwa ubaya, walicheka tu kama watu waliochoka na msiba. Miaka yote nilimshikia Dida tochi, nikachoma waya, nikabadilisha fyuzi. Mshika tochi si fundi, hilo nililijua hata mimi. Halake akatamka maneno ambayo kila mtu aliyasikia.

"Sawa. Siku akitoka eda tutakuja hapa hapa. Hiyo TV ya marehemu ikitoa picha safi na sauti safi, duka ni lake, nyumba ni yake, na mimi sitamtajia ndoa tena. Isipotoa, tunafunga nikaha siku hiyo. Wazee, mmesikia?"

Wazee walisikia. Mimi nikasema nimekubali, kwa hasira, jinsi ninavyofanya mambo yangu mengi. Wakasoma fatiha wakaenda zao, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sasa nimefungwa mara mbili, na kufuli ya pili nimeifunga mwenyewe.

Aliyemfundisha Dida kazi ni Mzee Kubai, Mmeru mmoja wa hapa mjini ambaye alirekebisha TV za aina hiyo zilipokuwa bado mpya. Alipasuliwa koo miaka ya nyuma, na sauti aliyobaki nayo ni ya kunong'ona. Ayo alienda kumwita. Akaja, akaketi kwenye benchi la barazani, na shida ikaanzia hapo. Yeye haingii. Mimi sitoki.

Sheikh aliulizwa, akasema mazungumzo ya haja kutoka nyuma ya pazia hayana ubaya. Ayo akasema sheikh si yeye atakayesengenywa. "Unataka wamama wa Wabera waseme mjane wa Dida anapiga stori na wanaume?" Akauweka mkeka wake kando, akaleta kiti, akakiweka kwenye ujia kati ya duka na chumba changu. Kila neno litapita kwake. Kubai atamnong'oneza kwa Kiswahili, yeye atageuka na kuniambia kwa Kiborana. Nami nitajibu kwa Kiborana, naye ampelekee Kubai kwa Kiswahili chake. Mimi kwa masikio yangu sikumsikia mzee hata kidogo. Ile mashine ya kusaga ilimeza kila kitu.

Kubai alikuna kichwa, kisha akapata njia. "Mama Dida, mwambie aongeze waya ya spika, hiyo spika niletewe huku nje. Yeye ataona, mimi nitasikia."

Tukafanya hivyo. TV ikawa ndani kwangu, spika yake ikawa barazani kando ya benchi, na Ayo katikati. Somo la kwanza lilikuwa la kubaki hai. "Anasema nyuma ya TV ikiwa wazi, mkono mmoja uwe mgongoni saa zote," Ayo aliniambia. "Umeme wa hicho kioo ukiingia mkono huu ukatoka kwa ule mwingine, unapita moyoni." Tangu siku hiyo nilifanya kazi kama mtu anayeficha zawadi nyuma yake.

Nyuma ya TV kuna makopo madogo ya bati yaliyopangwa mstari. Ndani ya kila kopo kuna koili, na ndani ya koili kuna kipande cheusi chenye mfuo, kama kichwa cha skrubu. Ukikizungusha kinapanda au kinashuka, na koili inabadilisha wimbi inalolishika. Mafundi wanaiita kazi hiyo kualaini. Bisibisi ya chuma haifai, kwa kuwa chuma chenyewe kinavuruga koili, hivyo Kubai akasema nichonge kijiti. Nikamwomba Ayo kijiti, akanipa mswaki wake mpya uliotoka kukatwa. Nikauchonga ncha bapa.

Picha ilipanda vizuri. Nikatoa kijiti, ikaanguka. Nikakirudisha, ikapanda. Nikakitoa, ikaanguka. Nilishindana nayo hadi adhuhuri, nikaanza kuisomea ayatul kursi. Kubai alipouliza kijiti ni cha mti gani na kuambiwa ni mswaki, alicheka mpaka akakohoa.

"Mbichi? Hiyo iko na maji na chumvi. Koili inaona ni kama umeingiza kidole." Siku iliyofuata akaleta sindano ya plastiki ya kufumia sweta, ya mke wake, aliyoipiga msasa ncha ikawa bapa.

Kisha akauliza Dida alikuwa akifanyaje. Nikasema alikuwa akizungusha kila kopo hadi picha iwe na nguvu kabisa, ndipo aende kwa jingine. 

"Anasema hapo ndipo alipopotea," Ayo akanipa neno polepole. "Anasema hiyo ni ya redio. Redio unavuta makopo yote mahali pamoja. TV inataka hili likae juu kidogo, lile chini kidogo, kila moja lishike upande wake. Ukiyavuta yote mahali pamoja, picha inakuwa na nguvu lakini haina nafasi, na sauti inakosa pa kupita."

Nikakaa sakafuni. Dida alitengeneza redio za wachungaji maisha yake yote. Mkono wake ulijua njia moja, na njia hiyo hiyo ndiyo iliyomshinda. Nililia sana, kwa sababu angefurahi mno kuambiwa.

Tukaanza upya. Kubai anasikiliza mvumo barazani, ananong'ona, Ayo anageuka. "La pili, mirga," ananiambia, yaani kulia. Au "bitaa," yaani kushoto. "Robo tu." Nazungusha robo. "Anauliza picha ikoje." Namwambia imeingia kivuli, anageuka tena kumpelekea. Kutwa nzima hivyo, na kesho yake tena. Nilijifunza kutambua kila ugonjwa wa kioo kile. Kuna kivuli cha pili cha uso, kinachokuja kopo likivuka mahali pake. Kuna mistari inayocheza sauti ikipanda, kumaanisha sauti imeingia njia ya picha. Kuna mvua ya kijivu, ambayo haimaanishi kitu isipokuwa umepotea kabisa.

Nasi tulikuwa tumepotea kabisa. TV ikawa mbovu kuliko Dida alivyoiacha. Nilifuata kila neno na kila neno lilinipeleka gizani. Mzee Kubai akaanza kuruka siku.

"Anasema labda kopo moja limepasuka ndani," Ayo aliniambia siku moja, akiniwekea chai. "Anasema labda tuiache tu, intala. Umejaribu."

Aliniita intala, binti, kama alivyoniita siku ya kwanza nilipoletwa nyumbani kwake. Alinipangusa uso kwa pindo la mtandio wake. Nilikuwa nimefika mahali ambapo nikifumba macho namwona Halake akitundika kofia kwenye msumari wa Dida.  Nilifungua dirisha nikatazama plasta ya jirani, nikalifunga.

Ijumaa mwenye mashine ya kusaga huizima mapema na kwenda msikitini. Kwa kawaida Kubai haji Ijumaa, kwa heshima ya Ayo, lakini wiki hiyo alikuwa amekosa siku nyingi na eda ilikuwa ikikaribia kuisha. Alikuja. Mtaa ulikuwa kimya, spika inavuma barazani, na kwa mara ya kwanza nilisikia ule mnong'ono kwa masikio yangu, dhaifu lakini wazi.

"Kopo ya tatu. Kushoto, kidogo tu."

Ayo akageuka. "La tatu," akasema. "Mirga."

Nilidhani amechanganya, ni mtu mzima. Nikazungusha kulia, nikangoja. "Hapana, imezidi," Kubai akanong'ona. "Arudishe kushoto." Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Nikaona mkono wa Ayo ukielekea kushoto wenyewe, kama mkono wa mtu aliyeelewa vizuri, kisha nikaona anaukunja na kuuweka mapajani. "Anasema ongeza mirga," akaniambia.

Sikupiga kelele, na hadi leo sijui kwa nini. Nikasema haya, nikauweka mkono mmoja mgongoni, nikazungusha kushoto. Kuanzia hapo nikamsikiliza Kubai na kumwacha Ayo aseme atakalo. La tatu kushoto. La pili kulia. La nne nirudishe nusu. Mvumo wa barazani ukapungua, ukawa mluzi mwembamba, na mluzi ukaisha. Kwenye kioo mvua ya kijivu ikafunguka, akatokea mwanamume mwenye tai akisoma habari za bei ya mahindi, masikio yake yote mawili yakionekana, na nje sauti yake ikatoka safi hadi mtu aliyekuwa akipita akasimama.

"Sasa hiyo ndio TV," Kubai akasema. "Mama Dida, si uliniambia ameona kopo imepasuka? Hakuna kopo imepasuka hapa."

Ayo alivuta mtandio wake mbele. Hakugeuka kwangu.

Kubai alipoondoka nilitoka nyuma ya pazia nikasimama mbele ya kiti chake. "Uliniongopea."

"Ndiyo."

"Siku zote hizi?"

"Si zote. Mwanzo nilikuwa sawa. Nilipoona unaanza kujua, nikaogopa." Alikuwa akitazama magoti yake. "Halake aliniambia siku ile wazee walipotoka. Akasema, 'Kabale akibaki na duka lake, yeye si mtu wetu tena. Siwezi kumwacha mama yangu alishwe na mtu wa kando, watu waseme nimeshindwa. Utakuja Oldonyiro.'"

Nikakaa chini. Hilo sikuwa nimeambiwa.

"Baba yao alipokufa nilirithiwa kule," Ayo akasema. "Na ndugu yake. Nilikaa kwa mtu yule hadi akafa, na siku tuliyomzika nilipanda lori la mbuzi nikaja kwa Dida na nguo nilizovaa. Hiki kitanda changu hapa ndicho kitanda cha kwanza nilicholalia kwa kupenda. Kule kila mti unanikumbusha yule mtu."

"Na mimi ulitaka nirithiwe vilevile."

"Halake si kama ami yake. Hapigi."

"Hapigi," nikasema. "Hiyo ndiyo sifa yake."

"Sijasema ni sifa. Nimesema hapigi. Ungekaa hapa na mimi, naye angekuja siku za soko akaenda. Nilihesabu hivyo."

"Ungeniambia, Ayo."

"Nikikuambia ungefanya nini? Ungeolewa kwa ajili yangu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Huyu ndiye aliyenilisha kwa mkono wake wiki ile ya kwanza niliposahau kwamba watu hula. Lakini neno halikutoka. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaona halitoki, akainuka kwenda kuchukua udhu.

Siku zilizobaki tuliishi kwa adabu nyingi, na adabu ikizidi ndani ya nyumba inachosha kuliko matusi. TV ilikuwa nzima. Niliiwasha kila asubuhi kuhakikisha, na kila asubuhi picha ilitulia na sauti ilitoka safi, nami nikawa siwezi kufurahi. Ayo alifua nguo zake moja baada ya nyingine akazikunja. Hakunilaumu. Kama angenilaumu ningepata pa kushika. Nilijikuta nimebanwa katikati ya watu wawili ambao hakuna hata mmoja niliyeweza kumchukia sawasawa, na anayetakiwa kuchagua nani abaki gerezani ni mimi.

Siku ya kutoka eda nilioga, nikavaa dera la rangi ya machungwa ambalo Dida alilipenda. Ayo alinisuka nywele na kunifukizia ubani. Alivuta mistari iliyonyooka. Kisha akaenda jikoni kuwapikia wazee chai.

Nikawasha TV. Nikaisikiliza kidogo. Nikaenda nyuma yake, mkono mmoja mgongoni, nikachukua ile sindano ya plastiki na kuzungusha kopo la tatu kulia. Robo, na robo nyingine. Mvumo wa nyuki ukarudi. Nikazima. Nilihisi vibaya kabisa, kama mtu aliyejifungia mlango na kutupa ufunguo dirishani, lakini angalau nilijua nimeufunga kwa ajili ya nani.

Wazee walikuja. Halake alikuja amevaa shati jipya, na sikumwona akinitazama hata mara moja. Aliona haya, nadhani. Mzee Kubai naye alifika, na kwa kuwa eda imeisha aliingia hadi dukani, tukasalimiana uso kwa uso. TV ikabebwa pamoja na spika yake ikawekwa juu ya meza ya kazi ya Dida. Nikaiwasha. Taa zikachukua muda wake kupata moto, wazee wakinywa chai, kisha ikaja mvua ya kijivu na ule mvumo.

Kubai aliinuka nusu. "Hapana, hii ilikuwa..." Akanitazama.

"Imeharibika tena, Mzee," nikasema. "Imenishinda."

Hakuna aliyecheka. Halake akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, umejaribu, kila mtu ameona." Mzee Ahmednasir alivuta pumzi, akaweka kikombe chini, akaanza kupanga kanzu yake akae vizuri kwa ajili ya nikaha.

"La tatu," Ayo akasema. "Bitaa."

Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chake kilekile. Wazee waligeuka. Mimi sikusogea.

"Kabale. La tatu. Bitaa."

Nilimtazama na kumwomba kwa macho anyamaze. Nilimwomba kwa moyo wangu wote. Akaegemea mlango, akainuka, akaja hadi mezani akiburuta mguu, akachukua sindano ya plastiki. Kisha mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kubadilisha hata balbu, akauweka mkono wake wa kushoto mgongoni na kuinama nyuma ya TV.

Mvumo ukashuka. "Robo tena," Kubai akanong'ona.

"Najua," Ayo akasema.

Akatokea mwanamke akitangaza mvua za nyanda za juu, uso wake mzima, sauti yake nzima. Duka lote likamsikiliza kama mgeni aliyeingia. Halake ndiye aliyepata maneno kwanza. "Lakini aliyetengeneza ni wewe, mama. Si yeye."

"Mimi nilibeba maneno tu. Aliyeitengeneza ni yeye, na leo asubuhi aliyeiharibu ni yeye. Muulizeni."

"Kabale," Mzee Ahmednasir akasema, "ni kweli?"

Mbele ya mtu kama yule, na siku kama ile, sikuweza kuongeza uongo mwingine. Nikasema ni kweli. Mzee akawageukia wenzake.

"Mtu anajua kuitengeneza, anajua na kuiharibu akitaka. Huyo ni fundi. Halake, ulitoa neno na sisi tulikuwa hapa."

Halake ni mtu wa neno lake. Alitazama TV, akanitazama mimi, kisha akamtazama mama yake, na nikaona jambo likimuuma ambalo hakujua alitoe wapi. "Basi, Ayo," akasema. "Fungasha twende nyumbani."

"Nimeshafungasha," Ayo akajibu.

Vilikuwa vitu vichache: kitanda na godoro lake, sanduku la bati, msala, birika lake. Vilipandishwa nyuma ya gari la Halake kabla chai haijapoa. Nilimsindikiza hadi barabarani, mara yangu ya kwanza kukanyaga nje tangu msiba, na jua likaniumiza macho. Nilimshika mkono kupitia dirisha la gari.

"Ningeolewa naye," nikamwambia. "Kwa ajili yako ningeolewa."

"Najua," akasema. "Nilikuwa jikoni asubuhi. Nilisikia mvumo ukirudi." Akanifunga mtandio vizuri shingoni, kama mtoto anayepelekwa shule. "Hujui nilivyofurahi, intala. Ndiyo maana sikuweza kunyamaza."

Halake akawasha gari. Likachukua barabara ya Oldonyiro, na vumbi lake likakaa hewani kitambo. Mzee Kubai alikuwa dukani akiongea na wazee, watu wawili walikuwa tayari wamesimama mlangoni na redio mkononi. Siku hiyo nilikuwa huru kwenda popote nitakapo hapa Isiolo. Nilirudi chumba cha ndani, nikaketi mahali kilipokuwa kitanda chake hadi magharibi, mlango ukiwa wazi.